Muulize Kocha: Begi la ngumi halijazwi mchanga

Mchana nashona makochi Keko, jioni nafundisha ngumi vijana wa mtaani. Barua za mara hii karibu zote zinahusu jambo moja, nami nalifurahia kwa sababu kazi zangu mbili zinakutana hapo: kujaza kitu kikapata umbo, na kukipiga bila kuumia.

Shikamoo kocha. Nimemnunulia mwanangu begi la ngumi tupu, la turubai nene lenye zipu juu, urefu futi 4, upana inchi 14. Ana miaka 15 na kilo 52. Muuzaji kaniambia nijaze mchanga wa mto ili kijana apate mikono migumu. Jirani anasema nijaze pumba za mpunga, maana kwetu zinapatikana bure mashineni. Nimfuate nani?
*Baba wa kijana, Morogoro*

Marahaba, ndugu yangu. Usimfuate hata mmoja. Na kama mchanga umeshauweka, umwage leo, kabla kijana hajarudi kutoka shule.

Tuanze na hesabu. Begi lako linameza kama lita 120, yaani ndoo kubwa 6 za lita 20. Ndoo moja ya mchanga mkavu ina zaidi ya kilo 30. Sita zinakupa karibu kilo 190. Kenchi ya nyumba haikuwekwa pale kubeba mzigo huo, tena mzigo unaoyumba, na mnyororo unaouzwa na begi hautauweza. Muuzaji atakujibu kwamba ujaze nusu. Ukijaza nusu, nusu hiyo ndiyo itakayomuumiza. Kila ngumi inapotua, punje zinashuka na kubanana. Baada ya wiki mbili juu patakuwa tepetepe kama mto wa kulalia, chini patakuwa zege, na kijana hawezi kujua kwa macho mpaka uko wapi.

Nalijua jambo hili kwa mkono wangu mwenyewe. Tulikua Temeke tukisimuliwa habari za Titus Simba, aliyerudi na medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Kila mtoto alitaka ngumi nzito, na sote tuliamini kwamba gunia gumu huzaa ngumi nzito. Tukalining'iniza gunia la katani kwenye mwembe, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, tukalijaza mchanga wa ufukweni. Glavu hatukuwa nazo. Tulizungushia mikono vipande vya kanga. Nilikuwa na miaka 16. Jioni moja nilirusha ngumi ya kulia ya kuzungusha, ikatua chini kidogo ya pale nilipolenga, pale mchanga ulipokuwa umekwisha kushikana. Maumivu yalichelewa. Kwanza niliona kidole kidogo kimelala upande, nikakiamuru kinyooke, hakikutii. Mfupa wa kiganja unaokibeba kidole kile ulikuwa umevunjika karibu na kifundo. Nilikaa na plasta ngumu wiki nyingi, na ukiniambia leo nikunje ngumi ya kulia utahesabu vifundo vitatu. Cha nne kimezama mpaka leo.

Kwa hiyo ninaposema mwanao wa miaka 15, ambaye mifupa yake bado inakua, asipige mchanga, nasema kwa moyo wote. Uzito wa ngumi unatoka mguuni, unapanda nyongani, unapita begani, mkono unaufikisha tu. Begi linalofundisha hivyo ni lile linalobonyea kidogo na kuupokea mkono. Lisilobonyea linamfundisha mtoto kuogopa, naye ataanza kurudisha ngumi kabla haijafika.

Pumba nazo ziache. Ni chakula. Kijana mmoja niliyemfundisha alijaza pumba za mahindi, na kabla miezi miwili haijaisha panya walikuwa wametoboa chini, wadudu wamejaa ndani. Za mpunga hazivutii panya kiasi hicho, lakini husagika kwa kipigo, hutoa vumbi kwenye kila mshono, na kijana atalivuta vumbi hilo kila anapohema. Maranda ya mbao tunayo tele huku Keko, nayo siyapendi: yananyonya unyevu wa hewa na kugandana, na msimu wa mvua ukipita begi linakuwa gogo.

Jaza nguo. Nguo kuukuu na vipande vinavyobaki kwa mafundi cherehani. Pita kwa mafundi watatu wanne mtaani kwako uwaachie viroba, urudi baada ya wiki. Wengi watakushukuru kwa kuwaondolea. Kwenye mnada wa mitumba nako, robota likishafunguliwa na nzuri zikachaguliwa, kuna zile zinazobaki chini zimechanika au zina madoa, ambazo mwenyewe anakuachia kwa bei ndogo sana.

Sasa kazi inaanza, na hapa ndipo wengi wanafanya haraka. Zifue, zianike jua kali siku mbili mpaka mishono na mikunjo yote ikauke. Nguo yenye unyevu ukiifungia ndani ya turubai itaota ukungu, na harufu yake haitoki tena. Kisha kata kila zipu, kila kifungo, kila bizimu na kile chuma cha mfukoni kwenye suruali za jinsi. Usiseme hiki kidogo, kitazama katikati. Kinatembea. Baada ya mwezi kitakuwa kimefika ukingoni, pale ngumi inapotua. Halafu kata nguo vipande vya ukubwa wa kiganja au viwili. Suruali nzima iliyokunjwa inaacha tundu upande mmoja na nundu upande mwingine, na huwezi kurekebisha bila kumwaga zote.

Kabla ya nguo, weka sponji. Hili ni jambo la ufundi wangu na nakusihi usiliruke. Nenda kwa mshona makochi aliye karibu nawe, umwombe sponji ya unene wa inchi 1. Upana wa begi lako ni inchi 14, kwa hiyo mzunguko wake ni kama inchi 44. Kata kipande cha futi 4 kwa inchi 43, kikunje kama jamvi, kiingize ndani kikumbatie ukuta wa turubai pande zote, kingo zikutane bila kupandana. Sponji hiyo ndiyo itakayokutana na mkono wa mtoto kwanza, nayo inafanya begi libaki la mviringo miaka mingi.

Simamisha begi kwenye kona ya ukuta, mdomo juu. Weka nguo kiasi cha shubiri moja, tandaza mpaka ukingoni, kisha shindilia. Chombo bora nilichowahi kutumia ni mchi wa kinu uliokwisha kustaafu jikoni. Shindilia ukizunguka ukingoni kwanza, umalizie katikati, ndipo uongeze shubiri nyingine. Nguo nzito kama jinsi na makoti ziweke katikati, nyepesi kama fulana na mashuka ziwe pembeni karibu na sponji. Usishindilie chini kwa nguvu zako zote, kwa sababu tabaka za juu zitakuja kuzikandamiza za chini zenyewe. Nguvu zako zihifadhi kwa nusu ya juu. Kila baada ya tabaka mbili likumbatie begi ulipapase kama unavyopapasa godoro kabla ya kununua. Penye tundu mkono utakuambia.

Kuhusu uzito, kipimo tunachotumia ni karibu nusu ya uzito wa anayepiga. Mwanao ana kilo 52, kwa hiyo 26 hadi 30 zinamtosha. Begi la ukubwa wako likijazwa nguo tupu na kushindiliwa sawasawa linaweza kupita kilo 35, ndiyo maana nakushauri uchanganye na mabaki ya sponji katikati, hasa mwaka huu wa kwanza. Kupima ni rahisi: simama kwenye mzani umelikumbatia begi, kisha simama peke yako, toa.

Likishajaa, funga zipu na ulining'inize siku tatu bila kupigwa. Litashuka. Fungua, ongeza, shindilia tena. Baada ya mwezi wa mazoezi litashuka tena kama shubiri moja, nawe utaongeza tena, kwa hiyo usitupe kiroba cha nguo zilizobaki. Na kila wiki ligeuze kidogo apige upande mwingine. Waliomshuhudia George Foreman akijifua Zaire mwaka 1974, kabla hajakutana na Muhammad Ali, walisimulia jinsi alivyokuwa akiacha shimo ubavuni mwa begi. Mwanao hatachimba shimo kama lile, lakini begi lisilogeuzwa linachoka upande mmoja, na hapo vifundo vinaanza kukutana na sehemu ngumu.

Mwisho, bandeji na glavu kabla ya ngumi ya kwanza. Kwa kijana wa umri wake bandeji ya mita 3 inatosha, mtu mzima anahitaji kama mita 4 na nusu. Glavu za aunsi 12 zinamfaa kwa begi. Aanze raundi 3 za dakika 2, atue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Akikuambia mkono unauma, mwamini, apumzike.

Kocha shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, nafanya kazi za vibarua. Tangu Mwakinyo alipompiga Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018 nimekuwa nikitaka kuingia kwenye ngumi, lakini begi la dukani siliwezi. Kiroba cha unga kinafaa?
*Kibarua, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Nakumbuka vizuri ile Septemba. Raundi ya 2 tu pambano limekwisha, na Jumatatu yake nilikuta vijana saba wapya wananingoja mlangoni.

Kiroba cha plastiki hakitafika wiki. Nyuzi zake zinafumuka zikipigwa, na jua linazimaliza haraka zaidi. Tafuta magunia mawili ya katani, uliingize moja ndani ya lingine. Nje yake vishe turubai kuukuu la lori, kwa sababu katani inachubua ngozi hata ndani ya bandeji. Shona kwa uzi wa nailoni na ile sindano nene ya magunia, mishono miwili sambamba.

Mahali vijana wanapokosea ni kwenye kulining'iniza. Wanatoboa matundu manne mdomoni, wanapitisha kamba, na siku ya kumi turubai linachanika kuanzia tunduni. Usitoboe. Chukua mkanda mpana wa kufungia mizigo, vipande viwili virefu. Vipitishe chini ya kitako cha begi vikiwa msalaba, uvipandishe ubavuni pande nne, uvishonee kwenye turubai kila baada ya shubiri, vikutane juu kwenye pete ya chuma. Hapo begi linakuwa limekaa juu ya mikanda kama mtoto mgongoni, na mshono haubebi uzito. Kujaza ni kama nilivyomweleza baba wa Morogoro. Vipande kutoka kwa mafundi cherehani havitakugharimu kitu.

Wakati unakusanya, tumia tairi. Tairi tatu ndogo za gari, zifungwe kwa kamba juu ya nguzo iliyochimbiwa vizuri. Ni nzuri kwa kujifunza miguu na umbali. Lakini piga taratibu, na usitumie tairi iliyopasuka mpaka nyaya za ndani zinaonekana. Nyaya hizo zinapenya glavu. Na kama fedha ikipatikana kidogo, inunue glavu kwanza. Begi unaweza kulitengeneza, mkono huwezi.

Njoo pia kwenye klabu yoyote iliyo karibu nawe. Begi la nyumbani halikuambii kwamba umeshusha mkono wa kushoto.

Salaam kocha. Binti yangu wa miaka 17 anataka begi la ngumi. Baba yake hataki, anasema ngumi si za wanawake. Mimi naona zimemtuliza na shuleni anaendelea vizuri. Tuna mito ya zamani ya sufi aliyotuachia mama mkwe. Sufi inafaa kujazia? Na tutaning'iniza wapi, nyumba yetu ina dari la jipsamu?
*Mama, Tanga*

Wa alaikum salaam, mama. Nimeifurahia barua yako.

Nianze na baba, kwa heshima yake yote. Ndondi za wanawake ziliingia kwenye Olimpiki London mwaka 2012, na jirani zetu wa Kenya walimpeleka Elizabeth Andiego. Kwenye darasa langu wasichana watano wanafundishwa, na wanasikiliza maelekezo kuliko wavulana. Mwombe baba aje kumtazama binti akipiga begi nusu saa, bila kusema lolote. Nimeona akina baba wengi wakibadilika kwa kutazama, sijaona aliyebadilika kwa kubishana.

Sufi ni kitu kizuri na ni cha pwani yetu. Ni nyepesi, inarudi baada ya kubonyezwa, na haishiki maji kirahisi, jambo kubwa kwa hewa ya Tanga. Lakini kwa wepesi huohuo haiwezi kulijaza begi peke yake. Mito yote ya mama mkwe haitakupa kilo za kutosha. Itumie mahali nilipomwambia baba wa Morogoro aweke sponji: ishonee kwenye mifuko mirefu ya shuka kuukuu, bapa, kama vigodoro, uisimamishe pembeni ndani ya begi, kisha katikati nguo. Fungueni mito nje, mkiwa mmeziba pua na mdomo kwa khanga, maana nyuzi zake ni laini na zinapaa. Na sufi inashika moto upesi sana. Begi lisikae karibu na jiko la mkaa wala mahali mtu anapovutia sigara. Ikiwa mito ina ukungu, itupeni hiyo, msiichanganye.

Dari la jipsamu halibebi begi, hata uweke bolti ya aina gani. Likianguka halianguki peke yake. Kuna wanaotoboa dari ili waifikie kenchi juu. Hilo ni la fundi aliyeijenga nyumba kuamua, kwa sababu begi la kilo 30 likiyumba linavuta zaidi ya kilo 30, tena kwa kushtua, na misumari ya kenchi inalegea taratibu bila mtu kuiona. Ukuta wa tofali za saruji nao si wa kuaminiwa, bolti zinang'oka na kipande cha tofali.

Kama una uwanja, chimbieni nguzo mbili za mkaratusi, futi 3 ardhini na zege kuzunguka, juu bomba la chuma la inchi 2, na kila nguzo iwe na mti wa kuiegemeza kutoka upande. Kazi ya siku moja kwa fundi mmoja. Mwembe wenye tawi nene kama paja unafaa pia. Tawi livisheni kipande cha tairi mahali mnyororo unapopita, usilikate ganda. Tumieni mnyororo, si kamba ya katani, maana kamba inaoza kwa umande na kusagika ndani kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Katikati ya begi pawe usawa wa chembe cha moyo cha binti. Na kwa hewa yenu, jioni lifunikeni au mliingize ndani, na mara moja kwa mwezi lifungueni zipu lipigwe jua.

Kocha, begi langu ni jepesi, kilo 20 hivi. Nikipiga linaruka mpaka linagonga ukuta, na mnyororo unapiga kelele majirani wanalalamika. Naogopa kuongeza mchanga kwa jinsi unavyotuonya.
*Msomaji, Mwanza*

Vizuri umeogopa. Ongeza nguo kwanza, kwa sababu kilo 20 kwa mtu mzima ni kidogo, na huenda ndani kuna nafasi bado. Fungua uone limeshuka kiasi gani. Pili, fupisha mnyororo. Ukiwa mrefu begi linayumba kama bembea. Kelele zinatoka pale pete inaposugua kulabu: katisha mpira wa ndani wa baiskeli, uvishe kulabu tabaka mbili, ufunge kwa waya. Utabadilisha kila baada ya miezi michache.

Likiendelea kuruka, shonea pete ndogo chini ya kitako cha begi, ifunge kamba fupi, na kamba hiyo uifunge kwenye kiroba kilicholala sakafuni. Acha ulegevu wa kama shubiri ili begi liweze kusogea. Kiroba hicho kijaze mchanga, ndoo moja inatosha. Huko chini hakuna mkono utakaoufikia.